Meneja Anataka Niseme Shamsa Alifuta Ng'ombe

Eldoret, Februari 1990

Mpendwa mshauri, Mama Namalwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba, kwa jina la mtu yeyote unayempenda, barua hii usiichape gazetini, usimsomee mtu, usimpe hata huyo anayekufungulia bahasha, na ukishamaliza uichome, kwa sababu kila neno lililomo linaweza kunitoa kazini na kunipeleka mahali pabaya kuliko nje ya kazi. Najua watu wanakuandikia habari za ndoa na wakwe, nami nimesoma ukurasa wako tangu nikiwa shule ya upili na sikuwahi kuona mtu akikuuliza juu ya kompyuta, lakini sina mwingine wa kumwendea, kasisi wetu hunywa chai na meneja wangu, na baba yangu alishafariki. Naomba msaada.

Mimi ni karani katika ofisi ya ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Eldoret, jina la ushirika naliacha. Nilimaliza kidato cha sita, nikafanya kozi ya kompyuta Nairobi, na wadogo zangu wananitegemea mimi. Kazi yetu ni kuweka kumbukumbu za ng'ombe: huyu alizaliwa lini, mama yake ni yupi, baba yake ni fahali gani, amechanjwa nini, ametiwa mbegu lini. Unaweza kuona ni kazi ndogo, lakini mkulima wa Plateau akitaka mtamba wake apandishwe kwa sindano, ni sisi tunaoangalia asije akatiwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Zamani habari hizi zilikuwa kwenye kadi. Wafadhili walipotuletea kompyuta tuliziingiza zote, halafu meneja akaamuru kadi zipelekwe jikoni ziwashie jiko la chai, akasema ofisi ya kisasa haiwezi kunuka panya.

Katika chumba cha kompyuta tuko wawili, mimi na Shamsa. Yeye ndiye mkubwa wangu kwa kazi na ndiye aliyenifundisha mashine. Ni Msomali wa hapa hapa Eldoret, babu yake alifika na biashara ya mifugo tangu wakati wa wazungu, baba yake, Mzee Abdi, ana lori la kubeba mahindi, na Kinandi chake kinashinda changu mimi niliyezaliwa nacho. Wazee wakija ofisini humtafuta yeye kwanza. Wanasema yule mwingine, yaani mimi, anaongea kama redio.

Sasa nakueleza jambo lenyewe, na unisamehe kwa sababu ni la kiufundi kidogo, lakini usipolielewa hutaelewa ninachoogopa. Katika mashine yetu programu hazinakiliwi hovyo. Kila programu huja kama kifurushi ndani ya diski kadhaa, na kuna amri moja ambayo hukipokea kifurushi, hukisajili, na kupanga kila kipande mahali pake, na ukileta kifurushi cha jina lile lile lakini cha toleo jipya, amri hiyo hukiondoa kwanza kile cha zamani chote ndipo ikaweka kipya, ili visigombane. Kwa programu nyingine hilo ni jambo zuri. Lakini programu ya kutunza kumbukumbu ni tofauti, maana yenyewe huondoka, ila kumbukumbu ilizoziandika hubaki ndani ya mashine, zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa programu iliyoondoka. Badiliko likiwa dogo, mpya huzisoma bila shida. Sisi tulikuwa tunatoka toleo la tatu kwenda la nne, na hilo la nne limebadilisha mpango wote. Kitabu kilichokuja na diski kilisema wazi, tena kwa herufi nene, kwamba kabla hujagusa kitu chochote utumie programu ya zamani kutoa kumbukumbu zote ziwe maandishi ya kawaida, ndipo uingize programu mpya, ndipo uipe maandishi hayo iyapange upya.

Shamsa alikuwa amekisoma, nami nimekisoma. Alikuwa amepanga tuifanye kazi hiyo taratibu, tukiwa na mashine nyingine ya kuazima pembeni kama kitu kikienda vibaya. Lakini unajua mwenyewe mambo ya siku hizi, tangu mwisho wa mwaka jana Wasomali wanaitwa kuchunguzwa kama kweli ni raia, wanapanga foleni na vyeti vya babu zao ili wapewe ile kadi ya waridi ya kuthibitisha uraia, na zamu ya jamaa zake ikafika. Aliomba ruhusa. Meneja wetu, Bwana Bethwel, alimpa ruhusa mbele yangu, akamwambia, "Nenda binti, hiyo ni amri ya serikali, usichelewe."

Kesho yake, Shamsa akiwa foleni, Bwana Bethwel akaingia chumbani na diski mpya mkononi.

"Kijana, mgeni wa heshima anakuja Jumamosi. Nimeshamwandikia kwamba tuna toleo jipya. Weka."

Nikasema, "Bwana Meneja, tumsubiri Shamsa. Kuna hatua ya kwanza ambayo..."

"Hatua ya kwanza ni diski ya kwanza. Si zimeandikwa namba?"

"Kitabu kinasema kumbukumbu zitolewe kwanza, na inachukua muda."

"Kitabu kiliandikwa na mzungu ambaye hakuwa na mgeni Jumamosi. Wewe ulisomeshwa kwa harambee ya watu hawa hawa, leo unashindwa kubonyeza?"

Nilibonyeza, Mama. Mashine ilipouliza kama iondoe toleo la zamani nilimgeukia, naye akasema, "Jibu ndiyo, unaniangalia mimi nina jibu gani?" Nikajibu ndiyo. Mpya ikaingia vizuri kabisa, bila kosa hata moja, na nilipoiambia ifungue kumbukumbu za ng'ombe ikaandika kwamba faili hizi ni za toleo la zamani na haziwezi kufunguliwa. Nikamwambia turudishe ya zamani. Ndipo akaniambia diski za zamani hazipo. Muuzaji wetu wa Nairobi ana desturi kwamba ukimrudishia diski za toleo la zamani anakupunguzia bei ya jipya, na Bwana Bethwel alikuwa amezipeleka stendi ya basi asubuhi ile kabla hajaingia chumbani kwangu. Alidhani amefanya jambo la busara. Nakala za akiba tunazo, Shamsa huzitengeneza kila Ijumaa na kuzifungia kabatini, lakini nazo ni kumbukumbu zile zile kwa mpango ule ule wa zamani, na programu ya kuzisoma ndiyo hiyo iliyokuwa njiani kwenda Nairobi ndani ya basi.

Nilimweleza haya yote. Akasema mashine ikipoa itafungua.

Jumamosi ikafika. Kulikuwa na hema, kwaya ya akina mama, na skafu nyekundu za vijana wa chama. Mzee Kimeli wa Cheptiret alikuwa amechaguliwa asimame na kuuliza habari za ng'ombe wake ili mgeni wa heshima aone jinsi kompyuta inavyojibu. Akataja namba ya ng'ombe, nikaiandika, na mashine ikajibu maneno yale yale. Bwana Bethwel akaninong'onezea nibonyeze tena. Nikabonyeza tena, na watu wote wanaona.

Mzee Kimeli akakohoa. "Mheshimiwa, mimi nikinywa busaa nasahau njia ya nyumbani, lakini ng'ombe sisahau. Hii imekunywa nini?"

Hema lote likacheka. Mgeni wa heshima hakucheka. Aliuliza polepole, "Huu ni uzembe, ama ni hujuma?" Halafu akasema anataka jibu la maandishi kufikia mwisho wa mwezi, akaondoka bila kula.

Mama, ukiishi mahali ambapo neno kama hilo limetamkwa na mtu kama huyo, hewa yenyewe hubadilika. Wenzangu waliacha kuingia chumba cha kompyuta. Bwana Bethwel aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Uzembe ungekuwa wangu au wako. Hujuma ina mwenyewe." Akanisukumia karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe, makosa mawili ya herufi kila mstari, inayosema kwamba mimi niliona kwa macho yangu Shamsa akikaa kwenye mashine na kufuta kumbukumbu za ng'ombe kabla ya kwenda zake.

Nikamwambia, "Lakini hakuzifuta. Hakuna aliyezifuta. Zimo ndani."

"Zimo ndani wapi? Mgeni aliziona?"

"Na siku hiyo Shamsa hakuwepo."

"Ndiyo maana. Nani alikuwa na haraka ya kuondoka?"

"Alienda kuchunguzwa, Bwana Meneja. Wewe ulimpa ruhusa."

Akasema, "Basi wamalizie kumchunguza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeagiza chai. Halafu akaniambia nikitia sahihi chumba cha kompyuta kitakuwa changu, na nisipotia, hujuma inaweza kufanywa na watu wawili. Kamati ya ushirika inakaa mwisho wa mwezi, na siku hiyo atakuwepo afisa mmoja ambaye Bwana Bethwel hamtaji cheo, anasema tu "yule ndugu." Hadi sasa karatasi iko kwenye droo yangu bila sahihi. Kila asubuhi anapita na kuuliza, "Wino umeisha?"

Shamsa ameambiwa akae nyumbani. Jumapili alikuja kwangu akiwa na kaka yake, ambaye alibaki nje karibu na lori. Mimi nilidhani atalia au atanitukana, nikawa nimejipangia la kusema kwa kila moja. Aliketi, akauliza habari za kazi.

"Mlizitoa kumbukumbu kwanza?"

"Hapana."

"Basi hazijafutwa. Diski za zamani ziko wapi?"

"Zilirudishwa Nairobi."

Akacheka kidogo. "Mmerudisha ufunguo mkabaki na nyumba." Halafu akasema, "Mimi nimekaa foleni na cheti cha babu yangu, yule afisa ananiuliza kama naweza kuimba wimbo wa taifa. Nikauimba. Akaniambia niuimbe tena. Sasa nasikia mimi ndiye niliyefuta ng'ombe. Wewe unajua nilikuwa wapi."

Nikasema, "Najua."

"Utasema?"

Nikamwambia nitaangalia. Mama, nilimwambia nitaangalia, kama karani anavyomwambia mtu aliyekuja bila risiti. Alinitazama akasema, "Wewe hata kuagiza chai kwa simu huwezi kama kuna mtu anakuangalia." Alisema kwa mzaha wake wa kila siku, na huo mzaha ndio ulioniumiza, kwa sababu nilijua bado ananihesabu kama mwenzake. Alipotoka alisahau kunywa chai niliyomwekea, au hakusahau.

Sasa niambie, Mama, kwa sababu nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nisipotia sahihi, mtu mwingine atatia, mfagiaji au dereva, na Shamsa atapotea vile vile na mimi nitapotea pamoja naye, halafu wadogo zangu waende wapi. Nilikuwa na mwalimu aliyechukuliwa kwa sababu ya kitabu alichokutwa nacho, akarudi baada ya muda mrefu akiwa haongei tena na mtu, anatembea ukingoni mwa barabara kama anayeogopa kuikanyaga. Nimefikiri pia nitie sahihi, halafu baadaye mambo yakipoa nitafute diski za zamani kimya kimya, nifungue kumbukumbu, ng'ombe waonekane, na wote wajue hakuna aliyefuta, na Shamsa arudishwe. Je, hiyo si njia ya katikati? Ningemwendea mwenyekiti wa kamati, Mzee Lazarus, mwalimu mstaafu wa Yamumbi, mtu mzuri lakini naye ana mashamba na watoto. Nimefikiri pia kusema siku ile nilikuwa mgonjwa na sikumbuki. Kila njia ninayoifikiri ina mtu mmoja anayeanguka, na sijui kwa nini siwezi kuona njia ambayo anayeanguka ni Bwana Bethwel.

Tafadhali usinipigie simu kazini, kwa sababu anayepokea simu ni mpwa wa meneja na husikiliza mpaka mwisho. Usiandike jina langu popote, ndiyo maana hata mimi sijaliandika. Jibu lako litume kwa shangazi yangu, Bi. Rael Jelagat, anayefua nguo katika hospitali ya misheni kule Plateau, kwa kupitia sanduku la posta la hospitali. Tumia bahasha ya kawaida isiyo na alama ya gazeti, na nyuma yake uandike "Habari za mtoto," ili akiulizwa aseme ni jamaa amejifungua. Yeye hajui kusoma, ataiweka chini ya godoro mpaka nifike siku ya mapumziko. Kama unaona huwezi kunisaidia, tuma bahasha tupu, nitaelewa.

Ni mimi, karani.

*

Jibu la Mama Namalwa, kwa posta kwenda Plateau

Kijana wangu,

Barua yako sitaichapa. Usinishukuru. Hata ningetaka, mhariri wangu asingeniruhusu, na mimi pia nina watoto wanaokula kila siku. Kwa hiyo hapa tunaongea watu wawili waoga, na mwenye kazi ya kufanya ni wewe.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nikishaanza kukukaripia sitapata nafasi tena. Sikulaumu kwa kubonyeza. Uliamriwa na mkubwa wako, ulimkatalia kwa adabu zaidi ya mara moja, na wengi wenye umri wako na wadogo wa kulisha wasingefungua mdomo. Hapo umekwisha kusamehewa na mimi, kama msamaha wangu una kazi yoyote.

Lakini nimeisoma barua yako vizuri. Unapoeleza mashine, maneno yako yamenyooka kama mstari wa rula. Unapofika kwa Shamsa yanaanza kupinda. Unaniuliza kama si kweli kwamba mwingine angetia sahihi. Karatasi ile haisemi "mwingine angeona." Inasema "mimi niliona kwa macho yangu." Mfagiaji hajui kompyuta, dereva hajui kompyuta, na ndiyo sababu meneja wako hajawapelekea wao. Anayekuja kila asubuhi kuuliza habari za wino anakuja kwako kwa sababu bila wewe hana kitu. Unajiona huna nguvu, na yeye anakubembeleza. Fikiri hapo.

Sasa hiyo njia yako ya katikati. Unataka utie sahihi leo, halafu mambo yakipoa ufungue ng'ombe wako kimya kimya, na Shamsa arudishwe. Nani atamrudisha? Umeona ofisi gani ya hapa kwetu ikiita watu tena kusema tulikosea? Na kama wakati huo watakuwa wameshamwambia karatasi za babu yake hazitoshi, na sababu moja waliyoandika ni sahihi yako, hizo diski utampelekea wapi? Usinipe habari za mambo yakipoa. Yanapoa juu ya mtu.

Nilifanya jambo moja kabla ya kukujibu. Gazeti letu siku hizi hupanga kurasa kwa kompyuta, na tuna fundi wake. Nilimuuliza habari yako kama kitu kilichompata mpwa wangu, bila kutaja mji wala mtu. Alicheka sana, akasema naye aliwahi kulala ofisini kwa kosa hilo hilo. Nimeandika aliyoyasema, na wewe utayaelewa kuliko mimi. Usiguse tena zile faili za zamani, wala usimruhusu meneja wako aajiri mtu wa "kusafisha" mashine, kwa sababu hapo ndipo zitakapofutwa kweli. Usijaribu kuingiza toleo la tatu juu ya la nne kwenye mashine ile ile. Tafuteni mashine nyingine, kama alivyotaka Shamsa tangu mwanzo, wekeni huko toleo la tatu, mrudishe nakala ya Ijumaa, mtoe kumbukumbu zote kwa maandishi ya kawaida, ndipo toleo la nne lipewe maandishi hayo liyasome. Na kuhusu diski zilizopanda basi, anasema wauzaji hawazitupi, huzitia kwenye sanduku na kulisahau. Muuzaji ataziazimisha akiombwa na ushirika ulionunua mali kwake. Lakini aombwe na kamati, si na karani mmoja anayenong'ona.

Kwa hiyo unaona. Jambo lote ambalo meneja wako anataka kulitundika shingoni mwa Shamsa linaweza kujibiwa mbele ya watu kwa ng'ombe wenyewe kutokea kwenye kioo. Kilichofutwa hakirudi. Hawa wakirudi wote, hakuna aliyefuta. Ni jibu ambalo hata afisa asiyetajwa cheo analielewa, na ni jibu la maandishi analoweza kupelekewa yule mgeni wenu bila mtu yeyote kuitwa mhujumu. Mpe mkubwa nafasi ya kutoka bila kuaibika na mara nyingi ataitumia. Siahidi. Nasema mara nyingi.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma, usirudi kwanza kazini. Nenda kwa Mzee Abdi, nyumbani kwake, mchana, uonekane ukiingia. Mwambie Shamsa mbele ya baba yake na kaka yake, kwa maneno yako, nani aliamuru, nani alibonyeza, na yeye alikuwa wapi siku hiyo. Ulimwambia utaangalia. Mwambie umeshaangalia. Yeye ndiye anayejua kazi ya kuzifungua kumbukumbu, na hutaiweza bila yeye, kwa hiyo usiende kama mtu anayepeleka sadaka.

Kutoka hapo nenda Cheptiret kwa Mzee Kimeli. Umemwandika kama kichekesho, lakini katika hema zima ni yeye peke yake aliyesema alichokiona. Mweleze ng'ombe wake yumo ndani, na kwamba kuna njia ya kumtoa. Mwombe aende nawe kwa huyo mwalimu mstaafu wa Yamumbi kabla kamati haijakaa, aombe, kama mwanachama, kwamba muuzaji aandikiwe barua, na mashine ya pili iazimwe. Mwenyekiti mwoga hamsikilizi karani. Mfugaji aliyekuja na wafugaji wenzake wawili atamsikiliza, kwa kuwa hao ndio waliompigia kura.

Na ile karatasi. Usiichane, usiifiche, usiseme ulikuwa mgonjwa. Mrudishie mwenyewe mkononi ikiwa haina sahihi, umwambie, "Bwana Meneja, siwezi kuandika kwamba niliona nisichokiona." Sema hivyo tu na unyamaze. Usimhubirie. Usimtishie. Utatetemeka, na hilo si kitu, watu hutetemeka na kazi ikafanyika. Inawezekana utapoteza kazi. Siwezi kukudanganya kwamba hutapoteza. Ongea na shangazi yako mapema juu ya wadogo zako, umweleze kwa mdomo, maana naona hata yeye umemfanya sanduku la posta bila kumwambia anabeba nini. Mama mzima analalia barua ya namna hii akidhani ni habari za mtoto. Hilo nalo si vizuri.

Unasema huoni njia ambayo anayeanguka ni Bwana Bethwel. Mimi pia siioni. Pengine atabaki kwenye kiti chake mpaka azeeke, na wewe utampita barabarani ukimsalimu. Nchi yetu ina viti vingi vya namna hiyo. Hujaniuliza jinsi ya kumwangusha, na usilifanye hilo kazi yako. Kazi yako ni Shamsa asianguke kwa mkono wako.

Ndani nimeweka bahasha yenye stempu na anwani yangu. Ukiandika tena, weka juu yake neno "Mapishi," hizo huzifungua mimi mwenyewe. Kama karatasi imerudi bila sahihi, niambie nini kilifuata, hata kama ni kibaya, nami nitakutafutia mtu wa Nairobi anayehitaji karani anayesoma vitabu vya mashine mpaka mwisho. Kama umeshatia sahihi kabla barua hii haijakufikia, usiniandikie kuomba faraja. Niandikie tu mahali anapokaa Shamsa, ili nimwandikie yeye.

Namalwa